Kasimiro Amerika na Mkwaju wa Baba Yake

Watu wa Vurra, kijiji chetu cha mpakani karibu na Arua, walimwita Kasimiro Amerika, na Amerika yenyewe, maskini wa Mungu, hakuijua hata kwa ndoto. Safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya kwenda kukata miwa Busoga enzi za ujana wake, na huko alipata vitu viwili ambavyo hakuviacha tena: Kiswahili, na redio ndogo yenye koti la ngozi. Kila jioni aliiweka juu ya kinu kilichopinduliwa, akaizungusha masikio mpaka ikashika Sauti ya Amerika kwa Kiswahili, na majirani wakajaa uani. Redio ikinyamaza, yeye ndiye aliyewafasiria kwa Kilugbara. Na wee, Kasimiro hakufasiri kavu! Alitia chumvi, akatia pilipili, akaiga hata kikohozi cha rais ambaye hajapata kumsikia akikohoa.

Baba yake, Mzee Yugu, hakuipenda ile redio. Alikuwa mtu wa hasira za karibu, mwenye mguu mmoja mbovu na jembe kali kuliko majembe yote ya kijiji, na alisema redio ni mdomo wa mtu asiye na shamba. Mafundisho yake yalikuwa machache, na aliyarudia mpaka wanawe wawili, Kasimiro na Filda, wakayachoka. Kubwa kuliko yote lilikuwa hili: "Kabla hujatia kata kwenye mtungi wa mtu, uliza pombe ni ya kazi gani. Uliza mahindi ni ya nani. Ukishakunywa, umeshauza mikono yako."

Maana kwetu kazi nzito haifanywi kwa mshahara. Mwenye kazi hutoa mahindi yake, mkewe hupika kwete, pombe yetu ya mahindi, watu huitwa. Aliyekunywa atalima, ataezeka, atachimba, kazi yoyote itakayotajwa. Akinywa akaenda zake hatapigwa wala hatashtakiwa, lakini siku akifiwa hakuna atakayemletea hata jembe la kuchimbia kaburi. Mtu wa namna hiyo ni maiti inayotembea, na kila mtoto wa Kilugbara analijua hilo kabla hajaota meno ya pili.

Mwezi wa tatu wa mwaka sabini na tisa Kasimiro aliwaambia majirani kwamba huko Amerika kuna kiwanda cha umeme kinachochemka kwa sumu isiyoonekana, na kwamba sumu imeanza kuvuja, na wajawazito na watoto wadogo wameambiwa wahame. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mtu akimbie nyumba yake kwa kitu ambacho hakioni! Haya, cheko lile halikudumu. Kabla mahindi ya mwaka ule hayajavunwa, serikali ya Kampala ilikuwa imeanguka, na barabara ya Arua ilijaa malori ya askari wanaokimbia na magodoro yao. Mwaka uliofuata ikawa zamu yetu. Sisi tulichokikimbia kilionekana vizuri sana. Kilivaa buti, kilibeba bunduki, na hakikuuliza nani alikuwa askari wa serikali iliyopita na nani alikuwa mkata miwa.

Mzee Yugu alikataa kuvuka mpaka. "Nikafanye nini Zaire? Huko nina shamba? Huko nimemzika nani?" Kasimiro alimbembeleza, akamvuta mkono, akamlilia kama mtoto. Mzee akamchapa kwa mpini wa jembe, akamwambia achukue mke wake na redio yake aondoke. Hayo ndiyo maneno ya mwisho Kasimiro aliyoyasikia kinywani mwa baba yake.

Upande wa pili, ndani ya Zaire, karibu na mji wa Aru, Kasimiro na mkewe Margarita walijenga kibanda cha nyasi, na jirani yao akawa Sulaimani Kenyi, Mkakwa kwa kabila, mtu wa Kuluba kule Koboko. Kaka yake Sulaimani alikuwa jeshini zamani, na kwa kosa hilo la kaka boma lao lote lilichomwa moto. Alikuwa Mwislamu wa swala tano, mwembamba, mwenye maneno machache na kejeli nyingi. Wawili hawa hawakuwa na lugha nyingine ya pamoja ila Kiswahili cha huku kwetu, kile cha kambini na sokoni, ambacho mtu wa Mombasa akikisikia atashika kichwa. Kwa Kiswahili hicho walipendana kama ndugu wa tumbo moja.

Wakiwa huko, mwaka wa themanini na moja, redio ikaleta habari ya waongoza ndege. Kasimiro alimkimbilia Sulaimani na povu mdomoni.

"Sulaimani! Amerika mutu ya kuongoza ndege nakataa kazi! Yote pamoja! Ndege nakaa chini kama kuku!"

"Nakataa kwa nini?"

"Nasema kazi iko ngumu, masaa iko mingi. Sasa Amerika nzima natetemeka."

Siku chache tu, redio ikasema rais wao amewafukuza wote waliokataa kurudi, maelfu kwa maelfu, na ndege zinaruka. Sulaimani alikuwa anapuliza moto wa chai. Hakuinua hata kichwa.

"Ndege iko juu?"

"Iko juu."

"Na mutu yake?"

"Nafukuzwa. Yote."

"Basi. Amerika ama Koboko, mutu mdogo iko mutu mdogo. Leta sukari."

Kasimiro alileta sukari, lakini moyoni hakukubali. Alikuwa na ugonjwa huo wa kuamini kwamba mahali fulani, hata kama ni mbali kiasi gani, wanyonge wakikaa pamoja wanaweza kusema hapana na hapana yao ikasimama. Ugonjwa mbaya huo, usikuone.

Habari ya Mzee Yugu aliileta mama mmoja jirani, Mama Rehemah, aliyekuwa akivuka mpaka kuuza chumvi. Mzee amekufa kwa homa, akiwa peke yake, na Mama Rehemah na wanawake wengine wawili ndio waliomzika. Kasimiro alilia mpaka sauti ikamkauka. Mtoto wa kiume, mmoja tu, na baba amezikwa na wanawake wauza chumvi!

Waliporudi nyumbani mwaka wa themanini na sita, Sulaimani akaja nao. Kwao Kuluba aliona majivu na magugu, akasema atajenga Vurra kwanza apumue. Boma la Mzee Yugu nalo lilikuwa limeliwa na nyasi, hakuna ukuta, hakuna jiwe la jikoni. Kitu kilichobaki kimesimama kilikuwa mkwaju tu, mkubwa, mweusi wa shina, ukiwa peke yake katikati ya shamba. Mama Rehemah akampeleka Kasimiro pale, adhuhuri, jua likiwa utosini.

"Hatukuweka tuta," alimwambia. "Siku zile askari wakiona udongo mpya wanafukua, wanatafuta bunduki. Tulisawazisha, tukapanda nyasi juu. Sasa sikiliza, usije ukasahau. Upe mkwaju mgongo, pale mizizi inapogawanyika. Tembea kuelekea kijito mpaka kivuli cha mchana kinapoishia. Hapo hapo. Kichwa chake kiko hapo ulipokanyaga."

Kasimiro aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Kisha akapiga magoti, akaapa mbele ya yule mama: mavuno ya kwanza mazuri atamjengea baba kaburi la saruji, lenye msalaba, lionekane hata na mtu wa kwenye barabara kuu. Mama Rehemah aliitikia amina, ingawa msalaba si wa dini yake. Hakumaliza mwaka, naye akafa, na wale wanawake wawili aliozika nao walikuwa wameshatangulia. Filda alikuwa bado ng'ambo ya mpaka siku zile, hakuonyeshwa. Basi aliyejua ni Kasimiro peke yake, na alichokijua ni kivuli cha mti; alama nyingine hakuweka, akiamini mkwaju hauendi popote.

Mavuno mazuri, lakini ya nini? Tumbaku, nini kingine! Kampuni ya tumbaku ilikuwa imekuja na mbegu, na kila mwenye mikono alipanda. Ukitaka kujua tumbaku ni nini, muulize mti. Majani yakivunwa hutungwa kwenye vijiti, huning'inizwa ndani ya bani, ile nyumba ndefu ya udongo isiyo na dirisha, na moto huwashwa usizimike mchana wala usiku kwa muda wa wiki nzima. Ukizimika katikati, jani linakuwa jeusi, kazi ya mwaka imekwenda na maji. Bani moja hula kuni kama fisi. Walianza na miti ya karibu, wakaja ya mbali, wakaja miti ya mafuta ambayo bibi zetu walikataza isiguswe. Haukupita muda mrefu vilima vyote vikawa vipara. Kampuni nayo ilikuwa na shamba lake la mikaratusi kule bondeni, mistari kwa mistari, na mlinzi mwenye mbwa. Wakulima wakiuliza kuni, jibu lilikuwa moja: kila mkulima na kuni zake.

Jibu hilo lililetwa na Andama, wakala wa Kampuni, na huyu Andama ndiye mume wa Filda. Hakuwa mtu mbaya, nitamtendea haki. Alikuwa mtu anayeogopa, na mwoga akipewa baiskeli na kofia ya Kampuni ni hatari kuliko jambazi. Siku moja alisimama na baiskeli yake akautazama mkwaju kuanzia juu mpaka chini.

"Shemeji," akasema, "huu peke yake unalisha bani kuanzia kuwasha mpaka kumaliza. Wewe unalia kuni na kuni zimesimama mlangoni kwako."

"Huo si kuni."

"Ni nini basi?"

"Unajua vizuri ni nini. Ukiugusa, shemeji, tutatafutana."

Hapo ndipo vita vilipoanza. Kila mtu kijijini alijua sasa kwamba msimu huo bani la Vurra, lile la wakulima wote, halina kuni, na mti uliobaki karibu ni mkwaju wa Mzee Yugu. Kasimiro hakulala vizuri tena. Mti ukianguka, kivuli kinakwenda. Kivuli kikienda, baba amekufa mara ya pili.

Na redio, kama kawaida yake, ikaja na mambo. Mwaka huo wa themanini na tisa ilianza na meli ya mafuta iliyopasuka kwenye mwamba, kaskazini kabisa ya Amerika, bahari ikawa nyeusi, na watu wakaacha kazi zao wakaenda kuwaogesha ndege kwa sabuni, mmoja mmoja, kama watoto wachanga. Kasimiro alipofasiri hilo watu walidhani ametia chumvi kupita kiasi. Alikula yamini kwamba ni kweli.

"Hapa sisi namaliza miti ya mlima yote," Sulaimani akasema. "Nani nakuja kuogesha kunguru?"

Kisha zikaja habari za wachimbaji wa makaa ya mawe. Kampuni yao ilikuwa imewakatia matibabu wazee waliostaafu na wajane, nao wakaweka sururu chini. Walikamatwa, wakafungwa, wake zao wakakamatwa, wakarudi tena. Wote walivaa nguo za madoadoa kama za jeshi ili polisi wasijue nani ni nani. Kasimiro aliifasiri habari hiyo jioni baada ya jioni, miezi, na kila mara sauti yake ilipanda.

"Wewe vaa hiyo madoadoa hapa Vurra," Sulaimani alimwambia, "kesho mimi nakuzika."

"Hapana nguo, ndugu yangu. Moyo."

"Ile iko na hakimu. Iko na gazeti. Sisi iko na nini?"

"Sisi iko na jani," Kasimiro akajibu. "Kama sisi nakataa moto, jani naoza. Kampuni nakuja piga magoti."

Sulaimani alitikisa kichwa, akacheka kidogo. "Sawa, Amerika. Mimi nakaa na wewe."

Na kweli wakakubaliana wakulima wote wa bani lile: hakuna moto mpaka Kampuni ifungue mikaratusi yake. Walishikana mikono mbele ya mlango wa bani, Wakristo na Waislamu, na mtu akicheka na mwingine akipiga vigelegele. Kasimiro alikuwa amesimama juu ya gogo akisema kama redio. Siku hiyo hata Margarita, mke wake, ambaye kila siku alimuuliza kama watoto watakula habari za Amerika, alimtazama kwa macho ya zamani.

Majani yalianza kugeuka njano yakiwa shambani. Andama alikuja akabembeleza, akaenda, akarudi akatisha, akaenda. Bwana mmoja mkubwa alishuka kutoka Arua na gari, akalizunguka bani, akaandika-andika, akaondoka bila salamu. Watu walikazana. Redio ikasema wachimbaji wameingia kiwandani na kukaa humo, na polisi wamesimama nje hawajui la kufanya. Kasimiro aliisikiliza habari hiyo akiwa amekumbatia redio kifuani. Alikuwa na furaha, jamani. Tusimnyime hilo. Katika maisha yake yote sidhani kama alikuwa na wiki nyingine ya furaha kama ile.

Jumapili, watu walipotoka kanisani, Filda akamjia kaka yake njiani. Alikuwa amevaa kitambaa kipya na macho yake yalikuwa mekundu ya moshi.

"Kaka, nimepika kwete. Njoo nyumbani, uje na wenzako wote. Andama anataka maneno yaishe. Na mimi nataka tumnywee baba. Tangu turudi, tumemwagia hata tone? Tumekaa kama watu wasiokuwa na baba."

Maneno hayo yalimchoma Kasimiro mahali pale pale alipokuwa na kidonda. Alikwenda, na wenzake wakafuata. Mtungi ulikuwa katikati ya ua wa Andama, mkubwa, povu limesimama, na hakuna aliyeusogelea, maana walikuwa Walugbara na walijua. Walimtazama Kasimiro. Sulaimani hakuingia hata ndani ya ua.

"Mimi nakwenda kuswali," alisema. Kisha akamshika Kasimiro mkono. "Ndugu yangu, hii pombe ya nani?"

"Ya baba yangu," Kasimiro akajibu, na akajitoa mkononi.

Filda alipiga magoti mbele ya kaka yake na kuinua kata kwa mikono miwili. "Hii ni ya baba," akasema, sauti ikikatika. Na Kasimiro, ambaye alilelewa kwa neno moja hilo hilo, uliza mahindi ni ya nani, hakuuliza. Angeulizaje? Angesimamaje mbele ya dada anayelia, mbele ya jina la mzee aliyezikwa bila yeye, aanze kuhoji mahindi kama mnunuzi sokoni? Aliona haya. Akamwaga kidogo chini, akanywa mpaka mwisho. Wenzake walipomwona amekunywa, wakakaa, kata ikazunguka, na ua ukachangamka.

Mtungi ulipofika nusu, Andama akasimama. Kofia ya Kampuni aliishika mkononi.

"Jamani, asanteni. Mmekunywa mahindi yangu. Kazi ni bani. Kesho asubuhi."

Watu wote waligeuka wakamtazama Kasimiro.

"Dada yangu alisema ni ya baba!" Kasimiro akapiga kelele.

Mzee mmoja, mkulima kama wao, ambaye naye alikuwa ametia mkono wake kwenye ule mgomo, aliweka kata chini polepole. "Mahindi ni ya nani?"

"Ya Andama," mtu akasema.

"Kasimiro, uliuliza?"

Kasimiro akajibu, "Sikuuliza."

"Nasi tukakufuata wewe," mzee akasema. Hakusema kwa ukali. Alijipangusa mdomo, akainuka, akaenda zake, na mmoja mmoja wakafanya vivyo hivyo.

Filda alikuwa bado amepiga magoti. "Aliniambia nipike," alirudia, "aliniambia nipike tu, mimi nikasema moyoni ni ya baba, kaka, wallahi moyoni nilisema ni ya baba." Kasimiro alitaka kumpiga na alitaka kumkumbatia, hakufanya hata moja.

Asubuhi walikwenda wote, vichwa chini. Wale ambao bwana mkubwa mwenye gari hakuweza kuwatisha, mtungi mmoja uliwaswaga kama mbuzi. Majani yalivunwa, yakatungwa, yakaning'inizwa, na moto ukawashwa kwa visiki, kwa vigingi vya nyua, kwa mlango wa nyumba ya mtu mmoja. Aliyekuwa huru ni Sulaimani, maana hakunywa. Alifunga mkeka wake na birika lake la udhu, akaja kuaga.

"Kaa, ndugu yangu," Kasimiro akasema.

"Mimi hapana kunywa. Mimi hapana kazi hapa. Nakwenda Kuluba, lala kwa majivu ya baba yangu." Alisita. "Wewe iko mutu mzuri, Amerika. Lakini wewe nasikia mbali, karibu hapana sikia." Akashika njia ya Koboko, na Kasimiro alimtazama mpaka akaishia.

Katikati ya wiki kuni zikaisha. Jani lilikuwa limeshageuka rangi ya dhahabu, bado kukauka mshipa wa katikati, na moto ulikuwa unalala. Watu walisimama mlangoni mwa bani bila kusema. Hakuna aliyeutaja mkwaju. Laiti wangeutaja, angepata mtu wa kugombana naye! Lakini walikaa kimya tu, watu waliokunywa kwa sababu yeye alikunywa, na jani la kila mmoja wao, ada za watoto wao, dawa za wazee wao, vyote vilikuwa mle ndani vinasubiri kuwa vyeusi. Andama alikuja na msumeno wa watu wawili akaulaza chini, akarudi nyuma.

Kasimiro aliuokota mwenyewe. Margarita alishika ncha ya pili, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyethubutu.

Mkwaju ulianguka jua likiwa utosini. Walikata matawi, wakapasua shina, wakaburuta. Moto uliamka ukanguruma, kwa kuwa hakuna kuni tamu kama mkwaju. Na haukutosha. Siku ya mwisho walirudi wakachimba hata kisiki, wakafuata mizizi kila upande, na Kasimiro alisimama upande wa kijito akiwazuia kwa mikono iliyopanuliwa, mpaka Andama akasema imetosha. Jani lilitoka zuri. Walisema halijapata kutoka zuri namna ile.

Mvua zilikuja. Shimo la mkwaju lilijaa tope, na mashimo mengine ya visiki yalikuwa kila mahali, maana msimu huo watu walichimba hata mizizi ya vichaka. Shamba likalimwa lote, likasawazishwa kwa miche ya tumbaku, mistari iliyonyooka.

Mapema mwaka wa tisini, jioni moja, redio ilisema wachimbaji wa makaa wameshinda. Wazee wao na wajane wao watatibiwa. Kasimiro alikuwa peke yake uani, kwa kuwa watu walikuwa wameacha kuja. Aliisikia habari mpaka mwisho, watu wa Amerika wakishangilia na kuimba.

"Wanasema nini?" Margarita akauliza kutoka jikoni.

"Hakuna," Kasimiro akajibu. "Wanasema kutakuwa na baridi." Akaizima.

Filda alikuja baada ya Pasaka. Alikuja na fundi, na mifuko ya saruji kwenye baiskeli mbili, na msalaba wa chuma uliopakwa rangi nyeupe. Hakumtazama kaka yake usoni.

"Nimekuja kumjengea baba," akasema. "Kaka, nionyeshe."

Kasimiro aliingia shambani. Alitafuta mahali pa kuupa mti mgongo, na mti haukuwapo. Alikwenda kuelekea kijito, akasimama, akarudi, akaenda tena kidogo kushoto. Jua lilikuwa utosini na shamba zima lilikuwa jeupe kwa mwanga, hakuna kivuli hata cha kumfunika kuku. Fundi alikuwa amekwisha kuchanganya mchanga. Filda alikuwa amevua viatu, amesimama anangoja, na machozi yalikuwa tayari yanamshuka.

"Hapa," Kasimiro akasema, akaonyesha kwa kidole.

Walijenga mpaka jioni. Lilikuwa kaburi zuri, la kuonekana hata na mtu wa kwenye barabara kuu, kama alivyoapa. Kila Jumapili Filda alikuja kulifagia, akapiga magoti akazungumza na baba yao kwa sauti, akimwomba msamaha. Mara nyingine alimwita Kasimiro aje apige magoti pembeni yake, na Kasimiro alikuwa anaitikia kwa kichwa, akisema atakuja.

Hakwenda. Miaka yote iliyobaki alipokwenda kijitoni hakukatiza shamba lake mwenyewe. Alizunguka pembezoni, kwenye miiba, mwendo mara mbili, kwa sababu hakujua ni wapi atamkanyaga baba yake.